Shibiri Moja ya Mwanga

Naandika haya kwa mzazi yeyote ambaye mtoto wake atamwalika kwenda kukaa nyuma ya ukumbi na kusikiliza. Ukienda, kaa. Mikono iweke mapajani, na ulimi uuache nyuma ya meno, Mungu alikouweka. Mimi sikufanya hivyo, na binti yangu amekosa nafasi aliyoihangaikia miaka miwili.

Mimi ni mshona mapazia. Shule niliishia darasa la saba, lakini kazi yangu naijua. Tuko wanne katika karakana iliyo juu ya duka la rangi, na mapazia yangu yananing'inia katika maofisi ambayo sijawahi kuingia kwa mlango wa mbele. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa kuwa kisa chenyewe kinahusu pazia, na pazia hilo ni bovu, na nililishona mimi.

Kifungua mimba wangu tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyochoma akiongea. Anasoma chuo cha filamu. Siku aliyoniambia anataka kusomea filamu nilikunywa maji glasi mbili kabla sijajibu. Baba yake, ambaye ni fundi kufuli, alisema tu, "Mwache. Kila mtu na mlango wake." Rahisi kwake kusema. Yeye halali macho wazi.

Mwaka wa pili pale chuoni unaisha kwa mtihani mmoja mgumu. Kila mwanafunzi anatengeneza filamu ya dakika saba. Halafu katika dakika zote hizo anachagua fremu moja, yaani picha moja tu, filamu ikiwa imesimamishwa haichezi. Anasimama nayo mbele ya jopo la walimu watatu na kuieleza: nini kimekaa wapi, kwa nini kimekaa hapo, na kinasema nini. Anayewazidi wenzake anachukuliwa miezi sita na kikundi cha watengeneza filamu wakubwa, akawe msaidizi wa mpiga picha. Wanafunzi ni kumi na tisa, nafasi moja. Sindano alikuwa akiiota nafasi hiyo mchana kweupe. Alijifunza hadi kubeba kamera nzito, akifanya mazoezi kwa ndoo ya maji begani, akinimwagia sebuleni.

Filamu yake aliipigia hapo hapo sebuleni. Mwigizaji ni shangazi yake, wifi yangu mimi. Kisa chenyewe ni mwanamke anayesubiri simu. Ndiyo filamu nzima hiyo.

Wifi alikuja saa nne asubuhi na gauni jipya la kijani, mabega yamesimama kama paa la benki. Sindano akafunga pazia, chumba kikawa giza.

"Shangazi, simama pale, mgongo kwenye pazia. Vua viatu."

"Nivue viatu? Na gauni hili?"

"Gauni halitaonekana sana."

"We mtoto! Nimelishonesha kwa ajili yako!"

Nikamwambia, "Wifi, simama tu. Mwanao anajua anachofanya."

"Akijua ni mwanangu," wifi akasema. "Akiharibu ni wako."

Hapo ndipo nikaliona lile pazia kwa macho ya watu wengine. Linafunika mlango wa kioo unaotokea kibarazani, na linatakiwa ligote sakafu. Haligoti. Limepungua shibiri nzima, na chini yake mwanga unaingia kama mstari uliochorwa kwa rula. Karibu miaka miwili nilikuwa naona haya. Mshona mapazia, na pazia la nyumbani kwake limekaa kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla! Nikawaza walimu wa chuo watakavyoliona. Nikachukua blanketi, nikalikunja, nikalisukumiza pale chini kuziba.

"Mama, toa hilo blanketi."

"Mwanga unaingia."

"Najua unaingia. Toa, tafadhali."

Nikalitoa. Nilidhani ana haraka. Mtu mwingine angeuliza, "Kwa nini nitoe?" Mimi nikaenda jikoni kunung'unika na masufuria.

Wiki mbili baadaye akaanza kufanya mazoezi ya kutetea fremu yake. Alihitaji mtu wa kumsikiliza, na baba yake akisikiliza husinzia, kwa hiyo nilibaki mimi. Akaweka kompyuta mezani, picha imesimama.

"Mama, usiangalie kama unaangalia habari. Niambie, macho yako yameanzia wapi?"

"Miguuni kwa shangazi yako."

"Kwa nini?"

"Si ndiko kwenye mwanga?"

"Halafu yameenda wapi?"

Nikajichunguza. Kweli yalikuwa yamekwenda mahali bila kuniaga. Yalifuata ule mstari wa mwanga sakafuni kuelekea kulia, yakafika kwenye mguu wa kistuli, yakapanda, yakaikuta simu juu yake. "Kwenye simu," nikasema. "Mstari umenivuta."

Akapiga makofi. "Umeona! Na huku kushoto?"

"Kushoto hakuna kitu. Ukuta mtupu. Ungeweka hata picha ya maua."

"Umekaa bure makusudi. Theluthi mbili za fremu ni ukuta. Nataka umwone alivyo mdogo. Na uso?"

"Uso siuoni, uko gizani."

"Unataka kuuona?"

"Nataka sana. Nataka kujua amelia au hajalia."

"Basi, ndiyo hiyo. Ningekuonyesha uso ungeridhika, ungeacha kuangalia. Mtu anayesubiri habari, Mama, habari zake ziko miguuni. Aende, abaki, akimbilie simu. Uso anaweza kuudanganya."

Wazazi wenzangu, nilivuta kiti karibu. Huyu niliyemfundisha kufunga vifungo ananifundisha kuona. Kesho yake karakanani nikawa naangalia kila kitu hivyo: mwanga uko wapi, nani kasimama juu, nini kimeachwa nje. Shoga yangu, mkata vitambaa, akanichoka. "Siku hizi hushoni," akasema. "Unatutazama kama mnunuzi wa nyumba."

Sindano alinisomea pia maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya jopo. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Alipofika wa tatu akaugeuza upesi.

"Na huo je?"

"Huo ni wa ufundi tu, Mama. Utakuchosha."

Nikauacha upite. Mtu ninayemkagua hadi kisigino cha soksi, nikauacha ukurasa mzima upite!

Siku ya mtihani baba yake hakuweza kuja. Mtu alikuwa amejifungia stoo na funguo ziko nje. Wifi alikuja. Alivaa lile gauni la kijani, "angalau mara moja watu walione." Tukakalishwa nyuma kabisa kwenye viti vya plastiki pamoja na wazazi wengine. Mbele kulikuwa na skrini kubwa, na jopo limekaa kwenye meza ndefu: wanaume wawili na mwanamke mmoja katikati, mkubwa wao, ambaye wanafunzi wanamwita Miwani. Miwani yenyewe huivaa kwenye ncha ya pua, anakutazama kwa juu yake.

Sindano alisimama na fremu yake nyuma yake, kubwa kama ukuta wa nyumba. Miguu ya wifi ilikuwa na urefu wa mtu mzima.

"Mungu wangu, ule ufa wa kisigino," wifi akaninong'oneza.

Mwanangu alisema vizuri. Hakutetemeka. Alieleza ukuta, akaeleza simu, akaeleza uso uliofichwa. Wale wanaume wawili walikuwa wanaandika, na mmoja alitikisa kichwa kama mtu aliyeonja chai yenye sukari ya kutosha. Nikaanza kuhesabu moyoni wale kumi na wanane wengine nikiwafuta mmoja mmoja.

Ndipo Miwani akaweka kalamu chini.

"Pazia ni fupi," akasema. "Limepungua shibiri nzima. Kwa nini?"

Sasa nawaomba mnielewe. Miaka ishirini na mbili nashona mapazia. Mteja akisimama mbele yako, akakunja mikono, akasema, "Pazia ni fupi, kwa nini?" huyo haulizi. Hiyo ni kesi. Huyo amekuja na jibu lake mfukoni, na jibu ni kwamba wewe ni fundi wa ovyo. Nimesimamishwa hivyo mara nyingi, najua sauti yake, najua hata harufu yake. Na safari hii aliyesimamishwa ni mwanangu, kwa pazia langu mimi.

Nilishtukia nimesimama.

"Mwalimu, samahani," nikasema. "Kosa ni langu. Pazia hilo nililikata mimi, nikasahau kuhesabu upindo. Mtoto alilikuta hivyo hivyo ukutani. Hana hatia."

Ukumbi mzima ukageuka. Wifi akanivuta gauni. "Kaa chini, wifi, kaa."

Mimi nikaendelea! Nikasema, "Hata siku ya kupiga picha nilitaka kuziba kwa blanketi, yeye akanikataza, alikuwa na haraka."

Nikamtazama Sindano ili aone kwamba nimemwokoa. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama sakafu, na midomo yake imekauka kama mtu aliyekimbia.

Miwani akafungua karatasi zake. Akazigeuza taratibu, akasimama kwenye moja, akasoma kwa sauti: "Ukurasa wa tatu. 'Pazia nililipima na kulikata mwenyewe, likapungua shibiri moja, ili mwanga uishie miguuni.'" Akainua macho. "Nani alilikata? Wewe au mama?"

Mtu mmoja huko mbele akacheka, akajizuia.

"Mama," Sindano akasema.

"Mbona umeandika ni wewe?"

"Mwongozo wa mtihani unasema kila kitu kwenye fremu kiwe kimekusudiwa."

"Mwongozo unasema ujue kila kitu kimo kwa nini. Ungeandika kwamba ulikuta pazia bovu la mama yako, ukaona mwanga wake, ukaupangia picha nzima, ningekupa alama zote. Hiyo ndiyo kazi ya jicho. Sasa sijui humu ni kipi kingine ulichokikuta na ukakiita chako. Ukuta? Kistuli?"

"Kistuli ni changu," Sindano akasema, na sauti ikakatika hapo.

Nafasi akapewa kijana aliyeeleza fremu ya ngazi. Ngazi tupu, hata mtu hayumo! Sindano akaambiwa aandike upya ukurasa wa tatu na kuja kutetea tena baada ya miezi mitatu, ili asirudie mwaka. Lakini ile nafasi imekwenda, haisubiri mtu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wifi katikati yetu.

"Mama, nani alikuita pale?"

"Alikuwa anakushambulia."

"Alikuwa ananiuliza! Lile ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Nilikuwa na jibu!"

"Jibu la uongo."

"Ndiyo, la uongo! Uongo wa shibiri moja! Nani angeumia?"

"Mimi sikukulea useme uongo."

"Na hukunilea niaibishwe mbele ya watu, lakini umeniaibisha."

Wifi akasema, "Jamani, watu wanatutazama." Kwa mara ya kwanza maishani mwake wifi hakutaka kutazamwa.

Baba yake tulipomsimulia, mmoja huku na mwingine kule, alikuna kidevu. "Kufuli moja," akasema, "na nyote wawili mmevunjia funguo ndani." Akaenda kuoga.

Nina hasira hadi leo, na sijui niielekeze wapi. Nikimwelekezea yeye, ni kweli alidanganya, na kwa jambo dogo kiasi kile, la kijinga. Nikimwelekezea mwalimu, mwalimu aliuliza tu. Ikinirudia mimi, nauliza nimekosa nini, kusema kweli? Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole nimejikwaa mara nyingi, linapona. Kilichoniuma zaidi ni kwamba picha niliielewa. Alinifundisha niulize nini kimo na nini kimeachwa nje. Nikaenda kuitumia elimu hiyo karakanani, kutazama mapazia ya watu, na mwanangu mwenyewe aliposimama mbele yangu na ukurasa mmoja ameuficha, sikuona.

Siku nane tulizungumza kwa chumvi na sukari tu. Nipe ile, weka pale. Siku ya tisa, Jumamosi asubuhi, nikapanda kiti nikaanza kulishusha lile pazia. Nilikuwa nimepata kipande cha kitambaa kinachofanana, nikitaka kuunga, yaishe. Sindano akatoka chumbani.

"Unafanya nini?"

"Naliongeza."

"Liache hapo hapo."

"Nimechoka kuliona."

"Mama, nimesema liache. Nautaka ule mwanga hadi nimalize kuandika." Akavuta kiti kingine, akakaa na karatasi mapajani. "Wanataka nieleze lilifupika vipi. Ulilikata vipi?"

"Si nilishasema? Nilisahau upindo."

"Wewe? Tangu nizaliwe sijaona umesahau upindo. Hata karatasi ya kufunikia daftari langu uliikata na upindo."

Nikashuka kitini. Sikutaka kusema, kwa sababu ni jambo la aibu kwa mtu mzima.

"Ilikuwa siku ile ulipokwenda kufanyiwa usaili wa kuingia chuo," nikamwambia. "Ulisema utarudi saa sita. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Simu yako haipatikani. Nikasema nisikae bure, nikate pazia. Nikatandika kitambaa hapa sakafuni, nikapiga magoti na mkasi. Lile lango letu la bati halifiki chini, unajua. Ukiwa umekaa kitini huoni kitu, lakini ukiwa sakafuni, kupitia kioo cha mlango unaona miguu ya wapita njia. Miguu tu. Nikawa nakata, nikisikia hatua nainua kichwa. Viatu vya mtu mwingine. Nakata tena. Hatua tena. Sandali. Sijui nilikata wapi. Nilikuwa naitafuta miguu yako."

Alikuwa ameacha kuandika.

"Ulirudi saa tisa na nusu ukicheka," nikasema, "nikakugombeza kwa kuchelewa, na pazia nikalitundika hivyo hivyo."

"Mama."

"Nini?"

"Filamu yangu ni mwanamke anayesubiri. Mwanga uko miguuni. Na hili hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Hukuniuliza."

"Nimekaa na wewe meza moja wiki mbili! Nilikuonyesha miguu! Nilikuuliza macho yako yameanzia wapi!"

"Uliniuliza ya picha. Hukuniuliza ya kwangu. Na wewe, ukurasa wa tatu ulinifichia nini?"

"Niliona aibu kukwambia pazia lako bovu ndilo lililonipa fremu."

"Mimi niliona aibu kukwambia ni bovu kwa sababu yako."

Mngetegemea tukumbatiane. Hatukukumbatiana. Alisimama, akapiga karatasi mezani. "Hii ndiyo ingenipa ile nafasi!" akasema. "Hii, ya kweli, hata nisingehitaji kutunga!" Akaingia chumbani, mlango ukagonga hadi kulabu mbili za pazia zikachomoka. Nikazirudishia. Kijana wa ngazi aliondoka na kile kikundi Jumatatu.

Basi pazia limebaki fupi. Kila asubuhi saa nne ule mstari unaingia, na mimi naufagia kama takataka ya kawaida. Juzi amekuja mteja nyumbani kuchagua kitambaa, mwanamke wa ofisini, akatazama mlango, akatazama chini, akasema, "Fundi, mbona pazia lako fupi?" Sindano alikuwa mezani na kompyuta yake. Nikauma ulimi hadi nikaonja chumvi. Nikamwambia mteja, "Chukua hiki cha bluu, hakichuji."

Mteja alipoondoka ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu siku ya blanketi. Nikauliza.

"Ukurasa wa tatu sasa unasemaje?"

"Njoo siku ya kutetea usikie," akasema bila kugeuka.

"Nikija, yule Miwani akiuliza tena?"

"Akiuliza nitajibu."

"Na mimi?"

Akageuka, akanitazama kwa juu kidogo, kama wanavyotazama waliosoma.

"Wewe, Mama, utakaa."